Tupeane uzoefu: kuandika maisha ya mama au bibi Mchina aliyehamia Marekani

Karani
Wakuu, wanaoandika maisha ya mama au bibi aliyetoka Taishan na wilaya jirani za Guangdong, jimbo la kusini mwa China, tuwekeane hapa njia zinazofanya kazi. Kikwazo kikubwa ni kwamba makaratasi yalimfuata mume. Sheria ya 1882 ya kuwazuia Wachina ilifutwa 1943, na wake wengi wa raia wa Marekani waliingia baada ya sheria ya 1946 iliyowafungulia mlango. Kwa hiyo anzeni na mwaka na bandari aliyoingilia.

Mzee wa Majalada
Aliyepitia kituo cha uhamiaji cha kisiwa cha Angel, San Francisco, kati ya 1910 na 1940, ulizia tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lililoko San Bruno. Usiombe jalada lake tu. Omba la mume, la shemeji na la watoto, maana maofisa wa uhamiaji waliwahoji na kulinganisha majibu ya ndugu. Humo kijiji chake kinajitokeza: safu ya nyumba ina nyumba ngapi, kisima kiko upande gani, mchele unahifadhiwa wapi. Ila usimeze kila kitu. Moto wa 1906 uliteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco, watu wakaingia kwa ukoo wa kununua, yaani karatasi za kujidai mtoto wa mtu mwingine, na majibu ya kukariri. Baadhi walijisahihisha kwenye mpango wa serikali wa kukiri majina ya uongo wa 1956 hadi 1965. Wengine hawakuthubutu, na mke akaishi na jina la karatasi hadi mwisho.

Shada
Naunga mkono, na ndiyo maana mimi kaburi naliamini kuliko cheti. Kwa herufi za Kiingereza unaweza kukuta ukoo wa karatasi, kwa Kichina ukoo wa kweli. Soma toka juu kwenda chini: mstari wa kati ni wa marehemu, wa pembeni mara nyingi ni wilaya na kijiji, au tarehe. Kwa mwanamke hutangulia ukoo wa mume, kisha ukoo wa kwao pamoja na herufi 氏 (shi, yaani ukoo). Hapo ndipo unapoupata ukoo wa wazazi wake. Piga picha asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni; saa sita mchana michongo haionekani vizuri. Safisha kwa maji na brashi laini, kamwe si ya waya. Tarehe inaweza kuwa ya kalenda ya Kichina inayofuata mwezi wa angani, hivyo pitia jedwali kabla ya kuibadilisha.
Mkienda Qingming, siku ya kuzuru na kusafisha makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili, ulizeni kwanza kama makaburini wanaruhusu kuchoma karatasi za sadaka.

Choroko
Kama bado yu hai, nendeni jikoni. Hapimi kwa vikombe, basi pima bakuli lake kwenye mizani kabla na baada ya kila kiungo. Mfano zongzi, yaani mchele uliofungwa kwenye majani na kuchemshwa: mchele wa kunata na majani ya mwanzi hulowekwa usiku kucha, ndani choroko zilizomenywa, nyama ya nguruwe yenye mafuta na kiini cha yai la chumvi. Ukikaza mno uzi, mchele hauna pa kuvimbia na katikati hubaki mbichi. Ukilegeza, maji yanaingia unakuwa uji. Huchemka saa kadhaa, maji yafunike daima, na unapoongeza yawe ya moto. Rekodi video ya mikono yake akikunja jani, si uso pekee.