Faini ya kamera 200,000: nilipe, au nikunje pleti? Naomba ushauri

Mpanda_Boxer: Habari zenu wakubwa. Kamera ya mwendo kasi ya barabara ya Mbarara–Ntungamo, hapa Uganda, imenikamata, faini shilingi 200,000. Mita ya mwendo ilisoma 50, na kibao kinasema 50. Kamera hukosea? Pleti ikikunjwa juu kidogo, bado inasomeka? Usingizi sina.

FundiSproketi: Anza na mita. Ya pikipiki ya Boxer huendeshwa na kebo kutoka gurudumu la mbele, hivyo kubadili sproketi (gia ya mnyororo) ya nyuma hakuigusi. Ukifunga mbele tairi ya 3.00-17 mahali pa 2.75-17, mzingo unaongezeka kama asilimia 2: mita ikisoma 50 uko 51. Kebo ikikauka grisi, mshale hutetemeka. Kigia cha kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kikilika meno, husoma chini au hulala kabisa. Tairi yako ya mbele ni ipi?

Mama_Ntungamo: Mwanangu, achana na pleti. Hata kwa 50 unakula karibu mita 14 kila sekunde, na senta ya barabara hiyo imejaa watoto wanaovuka. Kunja mwendo.

Mpanda_Boxer: Tairi ni 3.00. Lakini mama, wote wanakunja!

Logibuku: Pleti iliyokunjwa ni kosa jingine, na askari wa kizuizini huiona kabla ya kamera. Pikipiki ina jina la nani?

Mpanda_Boxer: Hilo linahusu nini?

Kijiwe_Lyantonde: Hadithi hii imetungwa. Notisi humwendea mwenye jina kwenye usajili. Wewe uliipataje?

Mpanda_Boxer: Sijatunga! Jina bado ni la muuzaji. Yeye ndiye aliyetumiwa ujumbe, akanirushia. Kuhamisha jina nilipanga baadaye, gharama imenibana. Amesema nitume hela kwenye simu yake, alipe yeye.

Logibuku: Kwenye ujumbe kuna PRN, ile namba ya kulipia serikali?

Mpanda_Boxer: Siioni. Kuna kiasi na namba ya pikipiki tu. Ila muuzaji ni mtu mzima, namheshimu.

Logibuku: Heshima ibaki, hela isitoke. Faini ya serikali hulipwa kwa PRN, benki au kwa simu, haitumwi kwenye namba ya mtu. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya EPS (mfumo wa faini za barabarani), andika namba ya pikipiki, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Faini ikiwepo, chukua PRN ya hapo ulipe. Isipokuwepo, mwambie akuonyeshe notisi yenye picha. Kisha mshike mkahamishe jina: logibuku (kitabu cha usajili), mkataba wa mauziano, vitambulisho vya taifa vya wote wawili.

Kijiwe_Lyantonde: Basi aliyetunga huenda si wewe. Ingia sasa hivi, utuambie umeona nini.