Mwanafunzi kiziwi: apelekwe kuchonga, au aulizwe anataka kazi gani?

Mzazi, Langoni: Salamu alaikum wana Lamu na Malindi. Mtoto wa dada yangu ni kiziwi, anamaliza shule Novemba. Ukoo umeshakaa ukaamua aende kwa fundi wa milango, kwa kuwa kuchonga "hakuna maneno". Mwenyewe anataka jikoni, hotelini. Mimi naona tunakosea, tena si kwake peke yake. Kiziwi akabidhiwe patasi, msichana asiyetembea apewe kofia na sindano, basi tumemaliza. Nani aliyewauliza? Nisaidieni, hata kwa kunipinga.

Fundi, Mkomani: Bibi, nakupinga. Karakanani kwangu tuko wanne. Mmoja ni kiziwi, mwaka wa tatu huu. Namgusa bega, namwonyesha mshipa wa ubao wa mbambakofi unakoelekea, keshaelewa. Leo ana wateja wake. Hoteli nyingi msimu wa upepo wa kusi ukiingia zinafunga, na wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani ni huyo kiziwi. Ufundi haumfukuzi mtu.

Mwalimu, Malindi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi, yaani mtu mmoja kati ya 20. Karakana ya watu wanne haimo, hoteli kubwa imo. Lakini hoteli inangoja barua ya maombi, shule inangoja hoteli itangaze nafasi, na mtoto amekaa kwao na cheti. Halafu lugha. Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi bungeni. Jikoni bado haijafika.

Mzazi, Langoni: Fundi, kazi yako naiheshimu sana, na hilo la kusi limenigusa. Lakini nikuelezeni nilichokiona. Likizo ya Agosti nilimpeleka mwenyewe jikoni kwa mtu ninayemjua, wiki mbili tu. Siku ya kwanza mpishi mkuu alikuwa akiita oda kwa sauti kama kawaida yake, mtoto kasimama na kisu mkononi, anatazama midomo ya watu. Nilitamani kulia. Siku ya tatu mhudumu mmoja akafunga kamba juu ya meza ya kukatia, akawa anabana karatasi za oda kwa vibanio vya nguo. Kufika Ijumaa hata wapishi wanaosikia walikuwa wakisoma pale pale. Gharama yake ni kamba na vibanio.

Kwa hiyo Mwalimu, shule zisingoje cheti. Mwaka mmoja kabla ya mtihani, mwanafunzi apelekwe kazini, sehemu mbili au tatu tofauti, na anayejua ishara akae naye siku za mwanzo. Kisha aulizwe. Akichagua kuchonga, Fundi, nitamshika mkono nimlete kwako mimi mwenyewe.