Eti "nenda kasafishwe nyota"! Huyu mnajimu wetu kanidhalilisha mbele za watu

Wakuu, natetemeka kwa hasira mpaka simu inanishinda. Yule mtaalamu wetu wa nyota, mnamjua, sitaji jina, leo kajaza watu kwenye mjadala wa sauti, anafundisha kwamba mafarao waliweka makundi 36 ya nyota ili watu watabiriwe ndoa na biashara. Nikaomba nafasi kwa adabu zote. Nikasema: ustadhi, makundi hayo yamechorwa kwenye vifuniko vya majeneza kule Asyut, Misri, mnamo 2100 kabla ya Kristo, na yalikuwa ya kujulia saa za usiku. Kila siku 10 kundi jipya linachomoza alfajiri. Zinapatikana siku 360, wakaongeza 5 mwaka ukatimia. Ndoa iko wapi hapo?

Akajibu: "Nenda kasafishwe nyota kwanza." Akanizimia maiki!

Nikasafishwe nyota! Mimi! Na shemeji yangu anasikiliza!

Buruji 12, hizi nyota za kuzaliwa kama Punda na Simba, zimetoka Babeli, Misri zimefika baadaye sana. Wakati wa utawala wa Wagiriki ndipo kila buruji ikakatwa vipande vitatu vya digrii 10 na utabiri ukapamba moto. Dari la hekalu la Dendera, Misri, lenye buruji na yale makundi 36 pamoja ni la karne ya kwanza kabla ya Kristo, lipo makumbusho ya Louvre, Paris. Hajui hata hilo, halafu mimi ndiye nikasafishwe nyota! Watu wakacheka mpaka Misri wamesikia!

Mzee wa Kigoda: Mleta uzi, umeshasafishwa au bado?

Mleta uzi: Usinichokoze. MAIKI ALINIZIMIA!

Binti Pwani: Kwenye Asyut mleta uzi yuko sahihi. Ila kaisahau nyota ya Sopdet, hiyo Sirius ya Wagiriki. Walihesabu inapotea siku 70 ndipo irudi alfajiri.

Kipanga: Mimi nyota ya Punda. Huyo huyo kaniambia kipande changu cha kwanza ni cha sayari ya Mirihi, ndiyo maana mke kaondoka. Na hela kachukua.

Mama Tatu: Afadhali hela. Mnajimu wangu alitaka jogoo mweusi. Nikampelekea, Jumapili nikamkuta anamla na pilau.

Mzee wa Kigoda: Pilau la kuku? Siyo la ng'ombe?

Kipanga: La kuku linanoga, ila mchele umepanda mno.

Mama Tatu: Usiseme. Na mwenye nyumba kapandisha kodi juzi, maji yenyewe hayatoki.