Nyumba ya Krismasi kule kwetu: ilipe kodi kubwa zaidi?

Mleta hoja (kwetu Marangu, Kilimanjaro; naishi Ubungo, Dar)

Wakuu, heshima yenu. Naleta hoja hii nikijua ndugu zangu wa mlimani ndio watakaonirushia mawe kwanza.

Desemba iliyopita tulifika nyumbani saa tano usiku, watoto hoi, umeme hakuna. Nikanunua wa elfu ishirini kwa simu. Tokeni ikaja na uniti za kuchemshia chai tu. Kumbe mita ile haikuguswa tangu Januari, na kodi ya jengo, ambayo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), ilikuwa imejipanga mle ndani ikinisubiri: 1,500 mara miezi kumi na moja, jumla 16,500. Zile 3,500 zilizobaki nazo zikakatwa VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Nilitukana, nakiri, mbele ya watoto.

Hasira zilipopoa nikaanza kuwaza. Nyumba yangu ina vyumba sita, vigae vya sakafuni, geti la chuma, na inalala tupu mwaka mzima isipokuwa wiki mbili. Inalipa 18,000 kwa mwaka. Kibanda cha vyumba viwili cha mjane pale Manzese, chenye mita yake, kinalipa 18,000 hiyo hiyo. Ilipoanza kukatwa kwa LUKU, Agosti 2021, ilikuwa 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, lakini usawa huu wa ajabu haujaguswa.

Asubuhi nikatembea na mdogo wangu kwenye njia yetu. Nyumba tisa za ukoo, nne hufunguliwa Desemba tu. Zote nne ni nzuri kuliko zile tano zinazokaliwa. Na kalavati la njia hiyo limebomoka tangu masika.

Hoja yangu: mwenye nyumba ya pili isiyokaliwa alipe mara tatu, na hela ibaki halmashauri ya pale ilipo nyumba.

Mwenye kihamba (Kibosho)

Mangi (chifu wangu), umekaa mjini mpaka umesahau nyumba ya kihamba, shamba la ukoo, ni ya nini.

Baba yangu amelala nyuma ya jiko, babu pembeni yake, na mimi nafasi yangu naijua. Nyumba hiyo unaita "ya pili"? Ya pili ni hii ya Kimara, ambayo nikistaafu nitaiacha. Ya kule ndiyo ya kwanza, hata kama nalala humo siku kumi kwa mwaka.

Halafu niambie, nikiifungua leo kwa mpangaji, nani atakuja? Nani atapanga nyumba katikati ya migomba ya ukoo wangu, akipita kwenye masale (mimea ya alama) ya kaburi la baba yangu kwenda kazini? Kihamba hakiuzwi kwa mgeni. Kwa hiyo nyumba yangu kuwa tupu haijamnyima mtu yeyote pa kulala.

Na kodi gani tena? Mwaka jana nikiwa nyumbani siku kumi nilitoa mchango wa paa la kanisa, ada ya mtoto wa dada, madawati ya shule, na harambee ya kalavati (la kwetu, si lako). Mlinzi namlipa kila mwezi. Saruji yote ilitoka duka la pale pale njia panda. Serikali inataka nini zaidi ya hapo?

Muuguzi wa Cardiff

Nawasalimu kutoka Wales, mwaka wa kumi na moja sasa. Mjadala huu huku unawagombanisha watu kanisani.

Hapa kila nyumba hulipa kodi ya halmashauri kulingana na daraja la thamani yake. Kwa Wales madaraja hayo yalipangwa kwa thamani za mwaka 2003. Kuanzia Aprili 2023 halmashauri zimeruhusiwa kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida kwa nyumba ya pili. Gwynedd, kule kaskazini, waliweka asilimia 150: jirani akilipa pauni 2,000, mwenye nyumba ya likizo analipa 5,000. England nao waliruhusu nyongeza, mwisho asilimia 100, kuanzia Aprili 2025.

Sababu yao ni moja. Vijiji vya pwani vilinunuliwa na watu wa mijini, bei zikapaa, kijana wa pale anayeongea Kiwelsh akahama. Majira ya baridi unapita kijijini usiku, taa zinawaka nyumba tatu. Lugha yenyewe inakufa hivyo, nyumba kwa nyumba.

Lakini msidhani wenye nazo walikaa kimya. Wengine waliandika nyumba moja kwa jina la mume, nyingine kwa jina la mke, kila mmoja akadai yake ndiyo makazi makuu. Wengine wakasema ni nyumba ya biashara ya wageni ili wahamie kodi nyingine, mpaka serikali ikaweka sharti kwamba iwe imepangishwa kweli siku 182 kwa mwaka.

Mleta hoja

Asante sana dada. Mwenye kihamba, hapo kwa mpangaji umenishika, sitabisha. Ila mchango wa kanisa si kodi, ndugu yangu. Mchango unatoa ukipenda, kwa unayempenda, na jina lako linasomwa madhabahuni. Mjane asiye na mtoto mjini hana wa kumchangia kalavati.

Mpangaji wa Sinza

Samahani wakubwa, naona mnaongea kama vile kodi ya jengo inalipwa na mwenye jengo.

Kila mwezi mimi ndiye ninayenunua umeme. Mimi ndiye ninayekatwa 1,500. Ilipoanza tuliambiwa tukafidiane na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Nilimpelekea risiti za mwaka mzima. Alizitazama, akacheka, akaniuliza kama nimesikia bei mpya za vyumba mtaani.

Huyo baba ana nyumba tatu. Ukisema ya pili na ya tatu zilipe mara tatu, si yeye atakayelipa, ni sisi tulio kwenye mita. Nyumba za pili nyingi za Dar hazilali tupu, wakubwa. Zimejaa sisi.

Mthamini majengo (Arusha)

Mpangaji amesema jambo ambalo wengi hulipita. Niongeze la kiufundi, maana ndiyo kazi yangu.

Zamani halmashauri zilikuwa na madaftari ya uthamini. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato. Majengo mengi hayakuwa yamethaminiwa, na kuthamini nyumba moja moja ni gharama: unatuma watu, wanapima, wanapiga picha, wanabishana na mwenye nyumba, halafu baada ya miaka mitano thamani imebadilika yote. Ndiyo maana tukaishia kwenye kiwango bapa. Ni rahisi, hakina rushwa ya "nipunguzie kidogo," na mita haihongeki. Lakini ni kipofu. Mjini ghorofa hulipa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Jumba la chini lenye vyumba kumi hulipa kama kibanda. Nimeona watu wakitandaza nyumba chini kama mkeka.

Sasa "nyumba ya pili." Ya pili ya nani? Kompyuta inaona mita, haioni mtu. Vihamba vingi havina hati. Jina lililo kwenye mita ni la aliyeomba umeme mwaka ule, pengine ameshazikwa. Na sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Ukiweka kodi mara tatu, kufikia Januari nyumba zote za Kilimanjaro zitakuwa za bibi.

Mwenye kihamba (Kibosho)

Yangu tayari ni ya mama. Nasema tu.

Mwana wa Shela (Lamu)

Hodi wenyeji. Nyinyi wa mlimani mna bahati: kihamba hakiuzwi.

Kwetu nyumba za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene na madaka ya kuwekea vyombo, ziliuzwa moja baada ya nyingine kwa Wazungu. Wazee waliona pesa ambazo hawajawahi kuziona, nani angekataa? Leo mtoto wa Shela anayetaka kuoa hawezi kununua hata banda la mbuzi pale alipozaliwa. Nyumba zenyewe zi nzuri, zimetunzwa vizuri kuliko zamani, hilo lazima niseme. Nyingine mwenyewe huja mwezi mmoja.

Na kodi ya kaunti Kenya kwa kawaida hutozwa ardhi, si jengo. Kiwanja kile kile, uweke kasri au rundo la mawe, kwa daftari la uthamini ni kimoja. Daftari lenyewe huzeeka: Nairobi ilitumia lile la 1980 kwa karibu miaka arubaini. Mimi naunga mkono kodi ya nyumba ya pili, mara tatu au hata mara tano, ila pale ambapo nyumba imetoka sokoni na kumfungia mwenyeji mlango.

Mleta hoja

Nimesoma yote. Nabadilisha hoja yangu, wala sioni aibu.

Neno "ya pili" naliondoa. Kwa Gwynedd na Shela lina maana, kwa sababu pale nyumba ni bidhaa na mwenyeji anashindana na mgeni mwenye mfuko mnene. Marangu nyumba yangu haishindani na mtu. Kosa lake si kuwa tupu. Kosa lake ni kuwa kubwa na kulipa kama ndogo. Basi tutoze ukubwa: jengo la zaidi ya, tuseme, mita za mraba 150 lilipe zaidi, liwe la kwanza au la tano, la bibi au la mjukuu. Huhitaji mthamini wa kila mwaka kupima paa. Picha za angani zinaonyesha. Na kwa nyumba ya kupanga, deni liende kwa jina la mwenye jengo, lisipite kwenye tokeni ya mpangaji. La hela kubaki halmashauri silirudishi nyuma hata kidogo.

Yangu ni mita 210. Nimeipima kabla ya kuandika.

Mpangaji wa Sinza

Hapo kwenye tokeni nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Mwenye kihamba (Kibosho)

Mita 150 ni kidogo mno, mangi. Ukumbi peke yake, wageni wa msiba watakaa wapi?

Mthamini majengo (Arusha)

Ukumbi unahesabiwa. Veranda ndiyo huwa ina ubishi.

Mwenye kihamba (Kibosho)

Basi niandikie vizuri hapo kwenye veranda. Fundi wangu anaanza kumwaga zege Jumatatu.