Nitaandikaje maisha ya baba aliyekuwa mkulima na fundi seremala?

Binti wa Seremala
Ndugu zangu, baba yetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, baada ya maisha marefu ya jembe na randa. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulitaja alipozaliwa, ndoa yake, watoto wake na maradhi yaliyomchukua, lakini kazi aliyoifanya tangu ujana ilipewa sentensi moja tu: alikuwa mkulima na fundi. Ninataka kuwaandikia wajukuu kumbukumbu iliyo kamili zaidi. Hakuacha shajara wala barua, na picha zake ni chache mno. Tumebaki na sanduku la zana, viti kadhaa na shamba. Nianzie wapi?

Fundi wa Zamani
Pole sana kwa msiba, dada. Anzia kwenye hilo sanduku, na usimruhusu mtu yeyote kusugua kutu wala kuipaka mipini rangi kabla hujaziangalia zana zote kwa utulivu. Mpini uliotumika miaka mingi hulika na kulainika pale mkono ulipozoea kushika, na patasi iliyofupika ni ushahidi kwamba ilinolewa mara nyingi badala ya kutupwa. Kisha vigeuze viti juu chini na uvimulike kwa tochi kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa pembeni hufichua alama ambazo mwanga wa juu huzimeza: mistari aliyochora kabla ya kutoboa tundu la kuingizia ulimi wa mbao, au michirizi ya randa aliyoiacha mahali pasipoonekana. Tazama pia milango. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Fundi anayeacha nafasi ndogo ndani ya fremu amelijua hilo, hata kama hakuwahi kulieleza kwa maneno. Andika mambo hayo yote, maana ndiyo elimu yake.

Mwalimu Mstaafu
Naungana na Fundi, na ninaongeza kwamba zana zinahitaji mashahidi. Ukiwauliza watu baba alikuwa mtu wa namna gani, watakuambia alikuwa mpole na mchapakazi, sifa ambazo husemwa juu ya karibu kila marehemu. Waulize kazi yenyewe: alichaguaje mti wa kukata, alitambuaje kwamba udongo uko tayari kupokea mbegu, alifanya nini mteja aliposhindwa kulipa? Nenda na mzee mmoja shambani, usimame naye kwenye mpaka au chini ya mti ambao baba aliupanda, kwani mahali huamsha kumbukumbu ambazo maswali ya sebuleni hayazifikii. Asiyekumbuka mwaka mpe tukio: binadamu walitua mwezini Julai 1969, na ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Rekodi sauti kwa simu, kisha uhifadhi nakala mahali pawili tofauti.

Jambo moja ninalisisitiza: usiweke sura moja ya mkulima na nyingine ya fundi. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kuukausha ubao hewani kwa takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na katika muda huo mwenye shamba hulima, hupalilia na kuvuna. Kazi hizo mbili zilipeana nafasi, na ukizitenganisha utaupoteza mpangilio wa maisha yake.

Mjukuu Mkubwa
Dada, usiache misimu mibaya. Mavuno yaliyoharibika, deni, kazi iliyokataliwa na mteja: wajukuu watamwamini zaidi babu aliyepata shida kuliko babu asiye na doa.

Binti wa Seremala
Ahsanteni sana. Nilikuwa nimekwisha kugawa daftari katika sehemu mbili, shamba na karakana; sasa nitalipanga upya kwa kufuata mwaka wa kazi, tangu kutayarisha shamba hadi miezi baada ya mavuno, alipokuwa akishinda kwenye benchi lake la useremala. Zana nimewaomba wadogo zangu wasiziguse. Nitaanza na mama, kwa kuwa ndiye aliyeshika ncha ya pili ya ubao kila baba alipopima, na kwa umri wake si vyema kumchelewesha.