Kodi (namba ya hitilafu) ya P0171 kwenye Toyota IST, fundi anataka nibadili oksijeni sensa

Zabibu_Chungu
Wakuu habari za jumapili. Nina IST injini ya 1NZ, nipo Dodoma hapa Nkuhungu. Taa ya cheki injini imewaka tangu nirudi kijijini kule Mpwapwa, asubuhi ukiwasha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka ila ukikanyaga mafuta inatulia, na petroli inakula kuliko zamani. Gereji wamepima kwa mashine ikatoa P0171, fundi kasema oksijeni sensa imekufa nitafute laki na nusu alete ya mtumba, afu akafuta kodi. Taa ikazima, nafika Chamwino ikawaka tena. Nitoe hela au napigwa?

dereva_mstaafu
Unapigwa. Yangu ilikuwa plagi, weka plagi mpya zote nne uone.

Spana_Kumi
Plagi zikichoka mara nyingi utaona P0300, au P0301 mpaka P0304 inayokutajia na silinda yenyewe. Tusimpigie mtu ramli.

Mkuu Zabibu, P0171 maana yake kompyuta inaona hewa imezidi petroli. Mchanganyiko unaotakiwa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Aliyepeleka hiyo taarifa ni oksijeni sensa, sasa unaing'oa kwa kosa gani, mjumbe hauawi.

Rudi kwa fundi mwambie asifute kitu, afungue laivu data (vipimo vya injini vya papo hapo) aangalie STFT ya muda mfupi na LTFT ya muda mrefu, hizo ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Injini iwe imeshapata moto, jumlisha zote mbili, zikiwa ndani ya 10 juu au chini hakuna neno. Ukikuta kwenye sailensa ni 20 na ushee, afu ukishikilia RPM 2500 inashuka karibu na sifuri, basi kuna sehemu inavuta hewa kwa wizi bila kupimwa na sensa ya hewa, maana tundu ni lilelile na injini ikianza kuvuta hewa nyingi ule wizi hauonekani tena. Ikiwa kinyume, yaani inapanda kadri unavyokanyaga, hapo mtuhumu sensa ya hewa kuwa chafu au pampu ya mafuta. Kwa hiyo sailensa yako inayocheza naona ni hewa.

Kibaigwa_Juu
Naongezea, cheki ule mpira mkubwa unaotoka boksi la ea klina kwenda throto (mlango wa hewa wa injini). Unachanikaga upande wa chini kwenye mikunjo, ukiangalia kwa juu uko mzima kabisa, utoe uukunje kwa mkono. Na kama umepita vumbi safisha sensa ya hewa kwa spre yake maalumu, sio karbureta klina, na ule waya mwembamba ndani usiuguse kwa kidole wala kuupuliza na kompresa. Kuna mafundi wanaupiga upepo hivi hivi unaona, sensa kwisha.

Zabibu_Chungu
Mrejesho wadau. Sailensa LTFT ilisoma 23, kwenye 2500 ikarudi 4. Tumetoa mpira, mkunjo wa pili kwa chini umechanika kidole kinapita, na klempu ya upande wa throto imelegea. Fundi akataka kuzungushia nailoni na gundi nikakataa, nimepata mpira mwingine mzima nimefunga. Sailensa imetulia tuli, ila LTFT bado inasoma 12, shida nini tena?

Spana_Kumi
LTFT ina kumbukumbu mkuu, inashuka taratibu kadri unavyoendesha. Sasa ndio mwambie afute kodi, na mashine nyingi zikifuta zinairudisha sifuri ijifunze upya. Piga ruti ya Bahi kwenda na kurudi upime tena. Ikigoma kushuka chini ya 10, pulizia karbureta klina kidogo kidogo kwenye gasketi ya menifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda) na hozi ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini) injini ikiwa inaunguruma, sailensa ikibadilika ndio hapo panapovuta hewa. Fanya injini ikiwa bado ya baridi, ile kitu inashika moto.

dereva_mstaafu
Na plagi je?

Spana_Kumi
Mzee acha hizo 😂