Tupeane uzoefu: chipsi za Jumamosi na uzito wetu sisi tunaofanya mazoezi

Mkimbiaji wa Loleza (Mbeya): Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, nina kilo 72 na ninakimbia mara nne kwa wiki, kilomita 6 kila mara. Nyumbani tunakula ugali, maharage na mboga, lakini Jumamosi jioni, nikitoka Mwanjelwa, hupitia kibandani kula chipsi mayai. Jumapili asubuhi mzani huniongezea kilo nzima, na mke wangu hucheka. Wenzangu mnaokula vya kukaanga mara mojamoja, uzito wenu unakwendaje?

Mama wa Kihesa (Iringa): Kaka, kilo hiyo si mafuta. Ili mwili ujiwekee kilo moja ya mafuta, unahitaji ziada ya kalori zipatazo 7,700, na sahani moja ya chipsi haifikii hata nusu yake. Kilichoongezeka ni maji, kwa sababu chumvi huyazuia mwilini, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli hukaa pamoja na maji yapatayo gramu tatu kwa kila gramu yake. Mimi nilijipima kila asubuhi kwa mwezi mzima, nikiandika kwenye daftari la mauzo ya dukani (mume wangu alidhani ni madeni), nikaona kwamba uzito uliopanda Jumapili ulikuwa umerudi chini kufikia Jumatano.

Dereva wa Uyole: Dada yangu amesema kweli, ila mimi niliponzwa na hilo neno "mara mojamoja". Nilikuwa na kilo 80 na nikikimbia kilomita 5 kila alfajiri, nikajiona nimeshalipa deni la siku nzima. Kumbe chipsi zilikuwa za Jumamosi tu, lakini asubuhi kulikuwa na vitumbua viwili, safarini Makambako sambusa, na jioni chapati, ambavyo vyote sikuwahi kuvihesabu kuwa vya kukaanga. Kwa kukadiria, mkimbiaji hutumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, kwa hiyo mbio zangu zilikuwa kama kalori 400, ilhali kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Niliongezeka kilo nne bila kuacha mazoezi hata siku moja. Nilipoacha vitumbua na sambusa nikabakiza chipsi za Jumamosi, zilitoka kilo tatu, tena polepole.

Mkaangaji wa Soweto (Mbeya): Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye niliye upande wa pili wa karai. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zipatazo 90, na chipsi za uzito huohuo hufikia 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Viazi vilivyokatwa vinene hunyonya mafuta kidogo kuliko vyembamba, na mafuta yasipopata moto wa kutosha chipsi hulowa. Mayai nayo huongezewa mafuta yake kwenye kikaango, jambo ambalo wateja wengi hawalitazami. Anayetaka aombe chipsi kavu, zichujwe vizuri, na kachumbari ya kutosha.

Mkimbiaji wa Loleza: Marahaba, mdogo wangu, na asanteni nyote. Nitajipima Jumatano badala ya Jumapili. Ila maandazi ya chai ya ofisini sikuwa nimeyataja.